Je, Kunyamaza ni Dhambi?



Kila Dominika, Komunyo ikiisha kugawiwa na sala ya mwisho ikiisha kusomwa, padri hufungua daftari la matangazo. Hapo ndipo watoto huanza kusukumana, mama hufunga mtoto mgongoni, na wanaume waliosimama karibu na mlango wamekwisha kutoka. Wanasema moyoni: Misa imekwisha, yaliyobaki ni habari tu. Na kweli ni habari. Fulani na fulani wanataka kufunga ndoa. Mgonjwa wa mtaa fulani anaomba kutembelewa. Wakatekumeni waje siku ya Jumatano. Fedha za mabati zimefika kiasi hiki, na kiasi hiki hakijapatikana. Wiki ijayo paroko atakuwa safarini katika vijiji.

Leo nataka kuonyesha kwamba matangazo hayo si jambo dogo. Ndani yake limo fundisho kubwa, nalo ni hili: mtu ajuaye jambo linalogusa uzima wa mwenzake ana deni kwake, na deni lenyewe ni kumwambia. Sisi watu wa upande wa Likasi tuna sababu ya kulifikiri fundisho hili kuliko wengine, kwa ajili ya shimo moja lililo karibu nasi. Shimo hilo ni Shinkolobwe.

Tuanze na tangazo tulilolizoea, yaani tangazo la ndoa. Sheria ya kutangaza ndoa kanisani ni ya zamani sana. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliiweka kwa Kanisa zima, na Mtaguso wa Trento ukaikaza mwaka 1563. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wakioana kwa siri. Mwanamume mwenye mke katika kijiji kimoja alikwenda kuoa mwingine mbali, na yule wa pili hakujua neno. Basi Kanisa likasema: jambo hili litangazwe mbele ya watu wote, na mtu akijua kizuizi, aseme.

Tazameni, ndugu, tangazo hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa padri: yeye lazima atangaze. Upande wa pili ni wa waumini: ajuaye kizuizi lazima aseme, na asiposema dhamiri yake inamshitaki. Tuseme binti anaolewa na mtu mwenye mke, naye jirani anajua lakini ananyamaza. Siku ya ndoa binti anasema, "Ndiyo." Je, amekubali? Amekubali kuolewa na mwanamume asiye na mke, lakini amepewa mwanamume mwenye mke. Neno lake "ndiyo" limeibiwa. Mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Shikeni neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa twende Shinkolobwe.

Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Rich Sharp, aliyekuwa akitafuta madini, aligundua mahali hapo mawe yenye urani nyingi kuliko yaliyojulikana wakati ule popote duniani. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, na mwaka uliofuata kiwanda kikaanza kazi huko Olen, Ubelgiji. Wakati ule hawakutaka urani yenyewe. Walitaka radiamu iliyomo ndani yake kidogo sana, kwa ajili ya kutibu kansa na kwa rangi ya kung'aa usiku katika saa. Mwaka 1937 kazi ya mgodi ilisimama. Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, nazo zikawekwa katika ghala. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua. Baadaye mgodi ukafunguliwa tena, na watu wetu wakachimba, wakachambua mawe kwa mikono, wakapakia.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Tarehe 9 lingine likaanguka Nagasaki. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe. Mji wa Nagasaki ndio uliokuwa na Wakatoliki wengi kuliko miji yote ya Japani, na bomu lilipasuka karibu na kanisa lao la Urakami. Ndani ya kanisa walikuwamo mapadri wakiungamisha, maana sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni ilikuwa karibu. Walikufa wote waliokuwamo, padri na mwenye kutubu pamoja.

Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa kazi ya mawe yale. Hilo halishangazi, maana wakubwa wengi wa Marekani nao hawakuambiwa. Lakini wazee waliofanya kazi huko, na watoto wao baada yao, wamesimulia neno zito zaidi: kwamba hata hatari ya jiwe lenyewe hawakuelezwa. Mawe ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na hewa isiyo na harufu ambayo mtu huivuta shimoni pamoja na vumbi. Haichomi siku ile ile. Huingia mwilini polepole, na matunda yake huonekana baada ya miaka, katika mapafu, katika mifupa na katika damu.

Mtu atasema: labda siku zile hakuna aliyejua. Sivyo. Huko Schneeberg, Ujerumani, madaktari wawili walikwisha kuandika mwaka 1879 kwamba wachimbaji wengi wa milima ile walikufa kwa uvimbe mbaya wa mapafu. Na huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa walikuwa wakinoa brashi kwa midomo yao, kama walivyofundishwa kazini. Taya zao zikaoza, wengine wakafa. Watano waliishitaki kampuni yao, na mwaka 1928 wakalipwa. Magazeti yaliandika habari hiyo sana. Basi ujuzi ulikuwako duniani, miaka mingi kabla ya vita. Uliokosekana ni mtu wa kuuleta hata mlangoni pa mchimbaji wa Katanga.

Sasa yatupasa kuuliza maswali matatu, na kuyajibu moja moja.

Swali la kwanza: Je, mchimbaji wa Shinkolobwe ana hatia kwa ajili ya Hiroshima na Nagasaki? Wako vijana wanaouliza hivyo, na wengine huuliza kwa uchungu, maana babu zao walichimba. Jibu la Kanisa ni wazi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana dhambi kwa jambo lile. Mikono yake ilifanya kazi, lakini nia yake haikuwamo. Yeye alitafuta posho, nguo za watoto na ada ya shule. Basi mjukuu asibebe mzigo usio wake. Anaweza kuwa na huzuni, na huzuni hiyo ni njema, maana yamfanya aombee watu asiowajua. Lakini huzuni si hatia.

Hata hivyo Mtakatifu Thoma anaongeza neno lingine. Kuna kutojua kwa namna nyingine, yaani kutojua kwa makusudi. Huyu ni mtu aonaye moshi juu ya nyumba ya jirani, akageuza uso ili asije akalazimika kubeba maji. Kutojua kwa namna hiyo hakumwokoi mtu. Ni dhambi juu ya dhambi.

Swali la pili ndilo kichwa cha maneno yetu: Aliyejua akanyamaza, je, amefanya dhambi? Hapa tuangalie sana, maana si kila kijulikanacho husemwa. Padri hawezi kusema neno la kitubio hata akiuawa. Daktari hatangazi ugonjwa wa mtu sokoni. Na mwenye kutembeza aibu ya jirani nyumba kwa nyumba anafanya dhambi, hata kama asemayo ni kweli tupu. Basi tutajuaje lipi la kusema na lipi la kufunika?

Mimi naona kipimo ni hiki: uliza habari hii ni ya nani. Aibu ya jirani yangu ni yake, si yangu kuigawa. Lakini habari ya mnyama aliyekufa ndani ya kisima ni ya kila mtu anayeteka maji pale. Ni mali yake, kwa sababu ni uzima wake. Mimi niliyemwona mnyama yule nimeshika kitu cha watu wengine mkononi mwangu. Nikinyamaza, nimekizuia kitu cha mwenyewe. Watu hufikiri kwamba mambo ya kusema na kutosema ni ya amri ya nane peke yake. Lakini anayeficha habari ya kisima kibaya amevunja na ya saba, maana ameiba, na huenda amevunja na ya tano, maana mtu atakufa.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliihesabu haki ya kupata habari za kweli kati ya haki za mtu, karibu na haki ya uzima na ya chakula. Hakusema ni haki ya wenye elimu tu. Alisema ni ya mtu.

Wako watakaopinga. Wa kwanza atasema: Ilikuwa vita. Adui angalisikia, angaliweza kutengeneza bomu kwanza. Namjibu: Siri zilikuwa mbili, si moja. Siri ya kwanza ilihusu kazi ya jiwe, na siri hiyo labda vita viliitaka. Lakini siri ya pili ilihusu ubaya wa jiwe kwa mwili wa mtu, na hiyo vita havikuitaka. Ungeweza kumwambia mchimbaji, "Vumbi hili ni baya, oga kabla ya kula, usirudi na nguo hizi nyumbani, mtoto asichezee mawe," bila kutaja bomu hata kidogo. Adui asingepata faida yoyote. Mwenye kufunika siri ya pili kwa kisingizio cha siri ya kwanza hakulinda taifa. Alilinda kazi yake isipungue.

Wa pili atasema: Ukiwaambia watu, wataogopa, watakimbia kazi, na mkate utapotea. Namjibu kwa neno tulilolishika juu ya binti yule wa ndoa. Mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Mkataba wa kazi nao ni neno "ndiyo." Mchimbaji akijua hatari, akaomba mshahara mkubwa zaidi, au saa chache zaidi, au akakataa, hiyo ni haki yake. Mkate uliopatikana kwa kumfumba mtu macho, aliyeupata zaidi ni yule aliyemfumba.

Tena tuangalie alivyofanya Bwana wetu. Usiku wa kuamkia mateso yake aliwaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, bali rafiki. Akatoa na sababu: mtumwa hajulishwi mambo ya bwana wake, lakini wao amewajulisha yote aliyoyapokea kwa Baba. Fikirini neno hilo. Hakusema tofauti ya mtumwa na rafiki ni nguo, wala nyumba, wala mshahara. Alisema ni kujulishwa. Waweza kumpa mtu nyumba ya matofali, posho kila juma na hospitali, lakini ukimficha jambo linalogusa uzima wake, bado umemshika kama chombo cha kazi. Jembe haliambiwi kinachopandwa.

Swali la tatu ni letu sisi wa leo: Je, tunaojua tunafanya nini?

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa na mashimo yake kuzibwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Lakini njaa haizibwi kwa saruji. Katika miaka ya 1990, viwanda vya shaba vilipoanguka na mishahara kukosekana, watu wakarudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti. Walifika maelfu, na kijiji kikajaa. Mwezi wa Januari 2004 Rais alitoa amri ya kupafunga. Watu wakaendelea. Mwezi wa Julai mwaka ule ule sehemu ya mgodi ilianguka, na watu wanane wakafa. Mwezi wa Agosti kijiji kikavunjwa, wakaaji wakaondolewa. Kisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kupima, nao wakasema kazi ile isiendelee.

Hapa yuko wa tatu mwenye kupinga, na huyu ni mgumu kuliko wale wawili. Anasema: Mwaka 2004 watu waliambiwa, lakini walichimba. Basi kuna faida gani ya kusema? Baba mwenye watoto watano hawezi kula matangazo. Ukimwambia usiingie shimoni, atakuuliza bukari ya jioni itatoka wapi.

Neno lake ni zito, wala tusilipite haraka. Mtume Yakobo amekwisha kutuonya juu ya mtu anayemwambia maskini aende kwa amani, apate joto na kushiba, naye hampi kitu. Habari peke yake ni nusu ya deni. Anayesema "shimo hili linaua," akaondoka, amelipa nusu. Nusu ya pili ni kusimama na mtu yule: kumtafutia kazi nyingine, kumsaidia shamba, kumdai mwenye kununua madini bei ya haki, kuwadai wakubwa watimize waliyoahidi kwa watu waliohamishwa. Amri bila msaada humfundisha maskini jambo moja tu, yaani kuchimba usiku.

Lakini sikubali kwamba nusu ya kwanza haina faida. Anayechimba akijua hachimbi sawa na yule asiyejua. Ataoga kabla ya kumshika mtoto. Hataweka magunia ya mawe katika chumba cha kulala. Nguo za shimoni hatazichanganya na za mtoto mchanga. Hataingia katika shimo lililolegezwa na mvua kwa sababu tu mwenziwe ameingia. Akikohoa miaka mingi atamwambia daktari, "Nilichimba mahali fulani," na daktari atajua pa kutazama. Na mkewe atajua. Hayo ni machache, lakini machache hayo ndiyo watoto wanaokua wakiwa wazima.

Kwa hiyo narudi kwenye parokia, na kazi ya mchungaji wake. Nabii Ezekieli anafundisha kwamba mlinzi aonaye upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Lakini akipiga, na mtu asiposikia, mlinzi ameokoa roho yake. Paroko ndiye mlinzi huyo, na katekista pamoja naye. Wengine husema padri ahubiri mambo ya mbinguni tu. Namjibu msemaji huyo kwamba mchungaji mwema hujulikana kwa kuwa hakimbii mbwa mwitu ajapo. Na mbwa mwitu hawali kondoo mbinguni. Wanawala hapa.

Padri si mwalimu wa mawe wala si daktari. Asijifanye ajue asiyoyajua. Lakini anaweza kumwita muuguzi wa zahanati, au mtu aliyesoma mambo ya madini, aje baada ya Misa aseme kwa dakika kumi, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama muuza mihogo. Anaweza kusoma hadharani hesabu ya fedha za parokia bila kuficha sehemu, ili watu wajifunze kwamba habari ni haki yao hata katika jambo dogo. Waliozoea kuambiwa ukweli kanisani watauomba na mahali pengine.

Na sisi waumini tunao upande wetu. Tusitoke kabla ya matangazo kwisha. Tusiwe watu wa kusubiri kuambiwa tu. Mama ajuaye kwamba watoto wa mtaa wanachambua mawe badala ya kwenda shule, aseme kwa watu wa jumuiya yake. Mchimbaji aliyeona ufa juu ya shimo, asinyamaze ili apate kuingia peke yake. Mwenye kununua madini akijua mizani yake ni ya uwongo, huyo hahitaji mahubiri, anahitaji kitubio.

Wenzetu wa mbali nao wanahusika. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nayo imo ndani ya betri za simu na za magari mapya. Anayeishika simu leo hawezi kusema habari hazikumfikia, maana zimeandikwa na kuonyeshwa miaka mingi. Hapo ndipo lile neno la Mtakatifu Thoma juu ya kutojua kwa makusudi linapowagusa watu wa London, wa Ulaya yote na wa Lubumbashi pia.

Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Shinkolobwe kilikuwa na mshindo uliosikika dunia nzima, na kimya kingine kikabaki katika vifua vya watu wetu, bila mshindo, nacho kikaua polepole.

Basi jibu langu ni hili. Kunyamaza si dhambi daima, na mara nyingine ni wema. Lakini kuinyamazia habari ambayo ni uzima wa mwenzako ni kumnyima kitu chake, na ni dhambi.

Tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote. Nashauri katika parokia zetu, siku ile, wachimbaji wa Shinkolobwe watangazwe hadharani pamoja na marehemu wetu wengine: wale wa wakati wa vita, na wale wanane wa mwaka 2004. Mwenye jina la babu yake na alilete kwa katekista liandikwe. Na tarehe 9 Agosti tuwaombee Wakristu wa Urakami, waliokufa wakiungama, na watu wote wa miji ile miwili. Wao na sisi tulifungwa na jiwe moja bila kuambiwa. Mungu, ambaye kwake hakuna lililofichwa, awape pumziko la milele, nasi atupe kinywa cha kusema kweli wakati bado inafaa kusemwa.